Hakimu Asiyetukanwa

Katika nyumba yetu sheria iliingia kabla ya kitanda cha chuma. Kaka yangu Hermenegildi alipochaguliwa kusomea kazi ya baraza, Baba na Mama walikuwa bado wanalala kwenye kitanda cha kamba, na mimi Balbina, mtoto wa pili, nilikuwa nalala kwenye mkeka. Lakini Hermenegildi alikuwa na viatu. Vilikuwa vyeusi, vya kufunga kwa kamba, na pamba yetu ya msimu mzima ilikwenda kwenye viatu hivyo. Siku alipovivaa mara ya kwanza kijiji kizima kikaanza kumwita Hakimu. Hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja wa sheria, ila watu waliona viatu vinatosha.

Kijiji chetu kiko ng'ambo ya mto Kilombero, upande wa Ulanga. Ukitaka kwenda Ifakara, kuuza au kuugua au kushitakiana, lazima uvuke. Sisi ni Wapogoro tulioteremka kutoka Mahenge kufuata mpunga. Mto wenyewe una wenyewe: Wandamba, wenye mitumbwi, wenye nyavu na wenye maneno. Ukoo wa Marselino, mvuvi aliyetuvusha miaka yote, na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani kwetu hasalimiwi. Marselino akimwona Baba njiani alikuwa anamuuliza kama tumbili wa mlimani wameshajifunza kuoga, na Baba anamjibu kwamba walikwenda kuoga wakakuta maji yameshachafuliwa na Mndamba. Hapo wote wawili wanaendelea na safari zao wakiwa na furaha ya kutwa nzima. Mimi nililelewa katika matusi hayo, na sijui salamu nyingine iliyonipa usalama kama ile.

Sasa hicho kilichoitwa chuo cha sheria kilikuwa ghala la pamba lililoachwa, pembeni mwa Lipangalala, kule Ifakara. Vijana wachache kutoka bonde zima walikaa juu ya magogo wakimsikiliza mwalimu Donati, mtu mwembamba aliyekuwa karani wa baraza mpaka macho yakamchoka. Aliwafundisha namna ya kumwita mshitakiwa, namna ya kumhoji shahidi, na makosa ambayo baraza la wenyeji linaruhusiwa kuyasikiliza. Walianza na wizi. Wizi ulichukua miezi, kwa sababu mwalimu Donati aliupenda kuliko makosa mengine yote. Walikuwa ndiyo kwanza wameumaliza, kesho yake waingie kwenye mashauri ya ndoa, mto ulipoingia darasani.

Wanaokumbuka masika ya mwaka ule hawahitaji kuelezwa. Maji hayakuja kwa kishindo. Yalikuja taratibu kama mgeni anayejua kwamba atalala hapo hapo. Yalikaa mashambani, yakapanda barazani, yakalala ndani. Pantoni ya serikali ilikatika kamba zake ikaondoka na mto, na hatukusikia tena habari zake. Ukuta wa ghala la Lipangalala uliyeyuka. Vitabu viwili vya chuo vilivimba mpaka havikufunguka, na mwalimu Donati alionekana juu ya bati akiwa ameshika kengele, anaipiga, ingawa wanafunzi walikuwa wameshakimbia. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akatoa kauli kwamba wale waliokwisha kuanza masomo watahamishiwa chuo kingine, huko milimani upande wa Morogoro, barabara itakapopitika. Kwa sasa kila mtu arudi kwao akasubiri.

Basi kaka yangu akarudi nyumbani na wizi peke yake.

Nataka nieleweke. Nilimpenda kaka yangu, na nampenda. Lakini mtu aliyesoma jambo moja tu ni shida kukaa naye. Nikichota chumvi kwa jirani, aliniuliza kama mwenye chumvi ameridhia. Kuku wa Bibi akidonoa mpunga wa watu, alitaka kujua nani mwenye kuku kisheria. Alivaa viatu vile kila siku katika tope ambalo hata ng'ombe walikuwa wanalikwepa, na jioni alikaa kuvikwangua kwa kijiti huku mimi nikipalilia sehemu yake ya shamba. Nilikuwa na hasira naye. Lakini nilimwona pia anavyokodolea macho njia ya mtoni, na nilijua anachokiogopa. Aliogopa kwamba huko milimani watamsahau, kwamba nafasi yake watampa mtoto wa mtu mwingine, na kwamba atazeeka akiitwa Hakimu kwa mzaha tu, jembe mkononi. Hakulala vizuri kwa hofu hiyo.

Katika kusubiri huko ndipo Babu akafariki.

Babu alikuwa mzee wa kikohozi na koti. Koti lake la kijivu alilipata vitani, vita gani hakusema, na kikohozi chake tulikisikia kabla hajafika. Kwa desturi yetu watani ndio wachimba kaburi, na watani ndio wanaowachekesha wafiwa ili wasife na marehemu. Marselino alivuka mapema na ndugu zake. Walichimba kaburi vizuri, kwenye mwinuko usiofikiwa na maji. Kisha, katekista akiwa bado anatafuta ukurasa wake, Marselino akaingia ndani, akatoka amevaa koti la Babu. Akakohoa.

Alikohoa kikohozi chenyewe, kile cha mara tatu na kuguna. Bibi Klementina, mjane, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu msiba utokee, akainua kichwa. Marselino akatembea mwendo wa Babu, akauliza kwa sauti ya Babu kwa nini pombe haijaletwa, akamwambia katekista asome haraka kwa sababu yeye marehemu ana safari. Tulicheka tukilia. Bibi alicheka mpaka akashikwa na wanawake wawili. Mwisho Marselino akaenda zizini, akafungua mbuzi jike mweupe wa Babu, akasema, "Huyu ananifuata, sitaki kula peke yangu huko," akaanza kuondoka naye.

"Simama!" akasema kaka yangu. "Huo ni wizi."

Watu walicheka kicheko kikubwa kuliko vyote vya siku ile. Walidhani Hermenegildi naye ameingia katika utani, na kwamba chuo kimemnoa kweli kweli. Marselino alicheka mpaka akakohoa kikohozi chake mwenyewe. Akamwambia, "Nikamate basi, tumbili mwenye kwato!" akaenda zake na mbuzi.

Kaka yangu hakuwa anatania. Ukweli ni kwamba alikuwa ameona wizi. Miezi yote ile alikuwa amesomeshwa wizi bila kuuona, na sasa umepita mbele yake na miguu minne, kweupe, mashahidi tele. Wiki ile ile akaenda kufungua shauri.

Baraza letu lilikuwa chini ya mzee Pantaleo, hakimu wa zamani asiyejua kusoma, lakini aliyeamua mashauri ya watu mpaka wakala pamoja. Alipoambiwa shitaka, alitazama juu kwenye makuti kwa muda.

"Mwanangu Hermenegildi," alisema, "huyu si mtani wenu?"

"Ni mtani, mzee. Lakini kitabu hakina neno utani."

"Umekisoma chote?"

"Sehemu ya wizi nimeisoma yote."

Mzee Pantaleo akavitazama viatu. Miezi hiyo ilikuwa inasemwa kwamba mahakimu wasiosoma wataondolewa, nafasi zao wachukue vijana wa vyuoni, na hapa mbele yake amesimama kijana wa chuo, na viatu. Aliogopa. Akamgeukia Marselino.

"Ulichukua mbuzi?"

"Nilichukua."

"Ulimwomba mwenyewe?"

"Mwenyewe alikuwa ndani ya sanduku, mzee. Nilimgongea."

Watu wote wakacheka, isipokuwa watatu: kaka yangu, kwa sababu alikuwa anangoja hukumu, mzee Pantaleo, kwa sababu alikuwa anaitoa, na Baba, aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu mwanzo. Ikaamuliwa kwamba ni wizi, na mbuzi arudishwe. Marselino akatazama huku na huku akisubiri mtu aseme kwamba ule nao ulikuwa utani, mzuri sana, sasa twendeni tukanywe. Hakuna aliyesema. Nilimwona uso wake ukibadilika, na mpaka leo sipendi kuukumbuka.

Kesho yake alimrudisha mbuzi. Alikuwa amemwogesha. Alikuwa amemfunga kamba mpya. Alisimama nje ya uwanja wetu, akapiga hodi, yeye ambaye maisha yake yote aliingia jikoni kwetu akifunua vyungu. Kaka yangu alipotoka, Marselino, mtu wa rika la baba yetu, akavua kofia akainama.

"Shikamoo, Bwana Hakimu," alisema.

Mama aliyekuwa anapepeta mchele akauangusha ungo. Kaka yangu, mjinga wa watu, akaitikia marahaba.

Tangu siku ile tukaheshimiwa. Ukoo mzima wa Marselino ulituheshimu. Tukikutana njiani walitupisha, wakatuuliza hali ya nyumbani na hali ya mashamba, wakatutakia siku njema. Watoto wao walitushika mikono. Kwenye pombe, mzee mmoja wa kwao aliyekuwa anamwita Baba mkia wa nyani kwa miaka yote alimsogezea kiti akamwambia, "Karibu, Bwana Eustaki." Baba hakunywa. Alirudi nyumbani jua bado liko juu, akakaa ameegemea ukuta.

"Amekwambia nini?" Mama aliuliza.

"Ameniita Bwana," alisema Baba, na akakataa kula.

Tena hilo halikuwa ndilo baya zaidi. Matanga ya Babu hayawezi kuondolewa bila watani. Wao ndio wa kufagia majivu ya msiba, wao ndio wa kuwanyoa wafiwa na kumwambia mjane inuka, imetosha. Siku ilifika ikapita. Walituletea salamu za rambirambi, kwa adabu zote, kwamba wasingependa kugusa mali ya mtu bila ridhaa. Bibi Klementina akaendelea kulala chini na nywele zake za msiba, anamngoja mtu wa kumwambia imetosha. Hakumlaumu mjukuu wake hata kwa neno moja, jambo lililomuumiza Hermenegildi kuliko kama angemchapa.

Ndipo habari ikaja. Jumbe alipita akitangaza: barabara imepitika, lori litaondoka Kibaoni, kule Ifakara, Jumatatu asubuhi kuwapeleka wanafunzi wa baraza kwenye chuo kipya, na asiyekuwepo atahesabiwa ameacha masomo. Ilikuwa Ijumaa. Kaka yangu aliruka juu kwa furaha, akaruka na viatu, kisha alipotua akakumbuka mto. Pantoni haikuwepo. Maji yalikuwa bado yametanda mpaka kwenye matete ya mbali, na mitumbwi yote ya upande wetu, mikubwa na midogo, ilikuwa ya Marselino na ndugu zake.

Jumamosi nilimsindikiza. Alichana nywele kana kwamba anakwenda kuposa. Marselino alikuwa anatengeneza nyavu mbele ya nyumba yake. Alipotuona alisimama wima, akamwita mkewe Stefania alete kiti, akakipangusa kwa mkono wake.

"Karibu sana, Bwana Hakimu. Karibu kiti. Wazee hawajambo?"

"Hawajambo," alisema kaka yangu. "Nina shida ya kuvuka. Kesho, au Jumatatu alfajiri."

"Pole sana kwa shida hiyo. Ningependa kukusaidia. Lakini mtumbwi wangu ni wa samaki, Bwana Hakimu. Mto umejaa, pantoni haipo, na mimi sina ruhusa ya kubeba abiria. Ukizama, mimi si nitakuwa nimevunja sheria? Na nimeshahukumiwa mara moja kwa kutojua sheria."

"Umetubeba maisha yetu yote!"

"Nilikuwa sijaelimishwa," alisema Marselino kwa upole.

Kaka yangu akapiga moyo konde. Akasimama, akakunja mikono mbele kama mshitakiwa, akaomba radhi. Aliomba vizuri. Alisema alikosea kumpeleka mtani barazani, alisema alisoma jambo moja akadhani ndiyo yote, alisema ameiaibisha familia yake. Nilimwonea fahari, na nikasubiri Marselino amwite tumbili.

Marselino alimsikiliza mpaka mwisho. "Nimekusamehe, Bwana Hakimu," alisema. "Kwa moyo mweupe." Akampa mkono. Kisha akarudi kwenye nyavu zake.

Hapo ndipo kaka yangu alipoanza kulia, kimya kimya, tukiwa njiani. Kusameheana ni kwa watu wa mbali. Mtani hasamehe, kwa sababu mtani hakosewi, na yule aliyesamehewa leo alikuwa amefungiwa mlango kwa adabu na ufunguo umetupwa mtoni. Nilitaka kumwambia kwamba ameyataka mwenyewe. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno, lakini nilipomtazama nikayameza.

Stefania alinikuta mtoni nachota maji jioni. Alikuwa amechoka kuliko mimi.

"Mwambie kaka yako afanye jambo lolote," alinong'ona. "Mwanaume wangu anakonda. Hana wa kumtukana. Ndugu zake amewachoka, mimi ananiogopa. Jana nimemkuta anamtukana kambale."

"Si amvushe tu?"

"Atamvushaje? Atamvusha kama nani?"

Jumapili tulikwenda kusali kigangoni, sisi mbele upande huu, wao nyuma upande ule, tukatakiana amani kwa heshima zilizonichosha roho. Baada ya sala watu wakasimama pale kwenye ukingo wa mto, kama kawaida yetu, kuangalia maji yamepungua kiasi gani. Hayakuwa yamepungua. Mtumbwi mkubwa wa Marselino ulikuwa umefungwa kwenye kigingi, upondo wa kuusukumia umelala ndani.

Kaka yangu alikuwa amesimama na sanduku lake la bati. Sikujua kwa nini amekuja nalo kusali. Nilimwona anauangalia mtumbwi, midomo inacheza. Nilisogea karibu nikasikia anasema peke yake: "Nia ya kurudisha ikiwepo, si wizi. Dharura ikiwepo, si wizi. Mwenye mali akiwepo na akaona..." Hapo akasita kidogo. Naona hapo mwalimu Donati hakuwa amefika.

Akateremka ukingo. Akaweka sanduku ndani ya mtumbwi. Akafungua kamba. Yote haya aliyafanya kweupe, mbele ya katekista, mbele ya jumbe, mbele ya mzee Pantaleo, na mbele ya Marselino mwenyewe aliyekuwa anaongea na mtu akabaki mdomo wazi. Kisha Hermenegildi, Mpogoro wa milimani asiyejua kuongoza hata beseni, akaingia ndani na viatu, akausukuma mtumbwi mtoni.

Mtumbwi ukazunguka. Ukazunguka tena. Upondo ukazama kwenye tope akang'ang'ania kuuchomoa, mtumbwi ukaondoka, yeye akabaki amelala nusu mtumbwini, nusu hewani, miguu yake katika mtumbwi na mikono yake kwenye upondo, viatu vinang'aa juani. Mama alipiga kelele. Kule kwenye matete kiboko mmoja akatoa pua.

Marselino akatupa kofia chini.

"Wewe tumbili!" alipasua sauti. "Tumbili wa Mahenge usiye na mkia! Mwizi! Mwizi wa mitumbwi! Mama yako alikuzaa juu ya mti ukaanguka! Nani amekuambia huo ni mgomba ukumbatie? Achia upondo, nyani wewe, achia, kaa chini, utazama na kwato zako utuchafulie maji!"

Hermenegildi akaachia, akaanguka ndani ya mtumbwi chali. Marselino alikuwa ameshajitupa majini na nguo za Jumapili. Anaogelea, anatukana, akimeza maji anatema, anatukana tena. Na pale ukingoni kelele ikalipuka. Wanawake wa kwetu walipiga vigelegele. Yule mzee wa kwenye pombe akamgeukia Baba akamwita mkia wa nyani, na Baba akamkumbatia. Bibi Klementina, aliyekuwa amekaa kwenye nyasi na kaniki yake ya msiba, alinishika mkono kwa nguvu.

"Katukanwa!" alisema, machozi yakimtoka. "Balbina, umesikia? Katukanwa!"

Mpaka leo sijui kama kaka yangu alikuwa anatania au anaiba. Nilimuuliza mara nyingi alipokuwa mtu mzima na akili zake timamu, akasema hata yeye hajui. Marselino naye aliulizwa, akasema tumbili hawana nia.

Alimvusha. Tuliwasikia njia nzima, sauti ya Marselino ikitambaa juu ya maji mpaka kwenye matete ya ng'ambo, anataja mababu zetu mmoja mmoja na kasoro zake. Mara mbili tulisikia Hermenegildi naye anajibu, sauti nyembamba, anatafuta maneno kama mtu aliyetoka kuugua. Walipofika upande wa pili tuliona watu wawili wamesimama ukingoni kwa muda mrefu, kama wanagombana. Marselino aliporudi, viatu vya Hermenegildi vilikuwa shingoni kwake, vimefungwa kwa kamba zake vyenyewe.

Baba alivitazama. Pamba ya msimu mzima ilikuwa inaning'inia kwenye kifua cha Mndamba, inachuruzika maji.

"Alikupa?" Baba aliuliza.

"Kunipa? Nimechukua," alisema Marselino. "Kwani mimi ni ombaomba?"

Baba akafikiri kidogo, akasema vizuri, kwani vilikuwa vinambana yule mtoto.

Matanga ya Babu yaliondolewa wiki ile. Marselino alikuja amevaa koti la Babu juu na viatu vya Hermenegildi chini. Vilikuwa vidogo, kwa hiyo alichechemea, na kila hatua ilikuwa kesi. Aliwahoji kuku. Alimwapisha chungu. Alimshitaki Bibi kwa kosa la kuwa na nywele, akamhukumu kunyolewa, akamnyoa mwenyewe kwa mkono mwepesi sana, akamwambia, "Inuka, mama. Imetosha." Bibi akainuka. Kisha Marselino akaenda zizini, akamfungua yule mbuzi mweupe. Alipofika katikati ya uwanja akasimama na kututazama mmoja mmoja, wote, mpaka mzee Pantaleo. Tulikuwa kimya kabisa. Akaondoka naye, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilisikia usingizi.

Kaka yangu alifika Kibaoni pekupeku na lori alilikuta. Huko milimani mkuu wa chuo kipya, mtu makini, alimuuliza maswali ya kumpima ili ajue ampeleke darasa gani. Akaanza kwa kumuuliza viatu viko wapi, kwani chuo kile kilikuwa na taratibu zake. Kaka yangu akasema vimechukuliwa na mtu.

"Kwa ridhaa yako?"

"Hapana, bwana."

"Unamjua?"

"Namjua sana, bwana."

"Umemshitaki?"

"Hapana, bwana. Namshukuru."

Mkuu wa chuo akamtazama kwa huruma. Akaamua kwamba mwanafunzi huyu kutoka Kilombero mafuriko yamemvuruga, na kwamba hasa katika wizi hajaelewa hata kidogo. Akamrudisha mwanzo. Vijana wenzake wa Lipangalala waliingia moja kwa moja kwenye mashauri ya ndoa, na Hermenegildi akakaa na wageni kusoma wizi upya, ukurasa wa kwanza, miezi mingine.

Alikuja likizo mwaka uliofuata. Mto ulikuwa umerudi mahali pake na pantoni mpya ilikuwa inafanya kazi, ya serikali, salama, yenye hata kivuli. Aliiacha ikaondoka. Alikaa upande wa Ifakara juu ya sanduku lake, jua la saa sita likimpiga, mpaka Marselino alipotokea na mtumbwi wake. Nilikuwa naye pale ukingoni, narudi kutoka sokoni na kuku wangu ambao hawakununuliwa, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Marselino alikuwa amevaa viatu vile. Vilikuwa vimekatwa mbele ili vidole vipumue.

Kaka yangu alivitazama kwa muda. Alikuwa amekonda, na alikuwa amejifunza kusimama kama watu wa ofisini.

"Viatu vyangu," alisema.

"Nenda kashitaki," alisema Marselino.

Hermenegildi, mwanafunzi wa vyuo viwili vya sheria, aliyesoma wizi mara mbili, akapakia sanduku lake, akaingia mtumbwini, akakaa chini alipoambiwa akae. Tulipofika katikati ya maji nikamwona anajifuta macho kwa mkono wa shati, na Marselino, bila kugeuka, akamuuliza kama huko milimani tumbili wanafundishwa kulia.